Marree: Kijiji cha ngamia kilichoachwa na garimoshi

Mpenzi msomaji, chukua ramani ya Australia, uweke kidole juu ya mji wa Adelaide ulio katika pwani ya kusini, kisha ukipandishe polepole kuelekea kaskazini. Utapita mashamba ya ngano, utapita malisho ya kondoo, na baadaye utafika mahali ambapo hata ramani yenyewe huonekana kuishiwa na maneno. Miji hakuna. Mito iliyopo imechorwa kwa vidoto, maana yake ni kwamba mwaka huu huenda ina maji na mwaka ujao haina. Kushoto pana ziwa kubwa la chumvi, kulia ni jangwa tupu. Hapo katikati utaona kitone kimoja kilichoandikwa Marree.

Usidhani nimekuchagulia mahali hapo kwa sababu ya ukubwa wake. Wakazi wa Marree ni kama mia moja au pungufu. Ghorofa moja tu ya mtaa wa Huruma, hapa Nairobi, huenda ikawa na watu wengi kuliko hao. Mvua inayonyesha huko kwa mwaka mzima haifiki milimita 200, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45. Kutoka Adelaide ni mwendo wa karibu kilomita 680 kwa barabara.

Hata hivyo, kijiji hiki kina kisa ambacho watoto wengi wa Australia hawakufundishwa shuleni kwa miaka mingi. Ni kisa cha Waislamu waliovuka bahari wakiwa na ngamia wao, wakaifungua nchi ya wenyewe, kisha wakaambiwa kuwa hawawezi kuwa raia wake. Na kisa hicho, kama utakavyoona, kina harufu ya Mombasa ndani yake.

Maji yaliyojificha

Tuanze na maji, kwa maana bila maji hakuna mtu angekaa hapo hata siku mbili.

Chini ya sehemu hiyo ya Australia limelala bwawa kubwa la maji ndani ya miamba, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za maji ya ardhini duniani. Eneo lake ni zaidi ya kilomita milioni moja na nusu za mraba, yaani karibu mara tatu ya nchi yetu ya Kenya. Pembezoni mwake maji hayo hupata upenyo, yakabubujika juu na kufanya chemchemi. Chemchemi hizo zimejipanga mstari, moja baada ya nyingine, kama vituo vya basi katikati ya ukame.

Wenyeji wa asili wa huko, Waarabana na majirani wao Wadiyari, walizijua chemchemi hizo tangu jadi. Biashara zao na safari zao zote zilifuata mstari huo. Wazungu walifika mwaka 1859, pale mpelelezi John McDouall Stuart alipokuwa akitafuta njia ya kuingia ndani ya bara. Mmoja wa watu wake alikuwa Mjerumani, msanii na mtaalamu wa mimea aliyeitwa David Herrgott. Huyo ndiye aliyeiona chemchemi, nayo ikapewa jina lake, ingawa herufi moja iliangukia njiani na ramani zikaandika Hergott Springs. Hakuna aliyewauliza Waarabana wao waliiitaje.

Jina hilo la Kijerumani halikudumu sana. Kijiji kilipopimwa mwaka 1883 kiliitwa Marree, lakini stesheni ya reli iliendelea kuitwa Hergott Springs mpaka vita vikuu vya kwanza vilipopamba moto. Wakati huo serikali ya Australia Kusini ilianza kufuta majina ya Kijerumani katika ramani yake, na mwaka 1918 zamu ya Hergott ikafika.

Garimoshi lilikuwa limewasili mwaka 1884. Hoteli ya mawe yenye ghorofa ilikuwa tayari imejengwa, na ingali imesimama mpaka leo. Wafugaji wa Queensland walianza kuwaswaga ng'ombe wao zaidi ya kilomita 500 kupitia jangwani, kutoka upande wa Birdsville, ili kuwafikisha kwenye mabehewa ya Marree. Njia hiyo ya ng'ombe ndiyo baadaye ikawa barabara mashuhuri ya Birdsville.

Lakini reli iliishia hapo kwa miaka kadhaa. Je, mizigo iliyotakiwa kwenda mbele zaidi, kwa wafugaji, kwa wachimba madini, kwa vituo vya telegrafu, ingebebwa na nani? Farasi walikufa kwa kiu. Maksai walihitaji nyasi na maji mengi.

Hapo ndipo alipoingia ngamia.

Watu wa Karachi

Ngamia walianza kuletwa Australia kwa wingi mwaka 1866, pale tajiri mmoja aitwaye Thomas Elder alipoagiza ngamia zaidi ya 100 kutoka bandari ya Karachi. Pamoja nao waliletwa wanaume 31 waliojua kuwatunza, kwani ngamia si punda, asiyemjua humponza. Baada ya hao walifuata wengine wengi. Inakisiwa kuwa kati ya mwaka 1870 na 1920 waliingia ngamia wapatao 20,000 na wachunga-ngamia wasiopungua 2,000.

Wazungu waliwaita wote "Waafghani", na baadaye wakalikata neno hilo na kubakisha "Ghan". Kweli baadhi yao walitoka Afghanistan. Wengine walikuwa Wapunjabi, wengine watu wa Sindh, wengine wa Peshawar, na wengine Wabaluchi. Naam, Wabaluchi, ndugu wa wale ambao mababu zao waliletwa Mombasa wakiwa askari wa masultani wa Oman, na ambao vizazi vyao vingali nasi mpaka leo. Na katika miaka ile ile ya 1890, wakati Wapunjabi wengine walipokuwa wakipanda meli hapo hapo Karachi kuja kujenga reli ya Mombasa hadi Uganda, wenzao walikuwa wakielekea upande wa pili wa bahari kufunga mizigo juu ya ngamia huko Marree.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Ngamia dume mwenye nguvu alibeba kilo 400 na zaidi. Msafara mmoja uliweza kuwa na ngamia 70, kila mmoja akiwa amefungwa kamba kwa mwenzake aliye mbele. Walipeleka unga, sukari, chai, mabati, mabomba ya visima na hata piano za mabibi wa Kizungu. Walirudi na marobota ya sufu. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua wiki nyingi, na mchunga-ngamia alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia hiyo.

Wengi walikuja kwa mikataba ya miaka mitatu wakiwa wameacha wake zao nyumbani. Baadhi walirudi kwao. Baadhi walibaki wakaoa, wengine wakawaoa wanawake wa Kizungu waliothubutu kukaidi jamaa zao, na wengine wakawaoa wanawake wa Kiarabana na wa makabila mengine ya wenyeji.

Pale Marree walijenga msikiti wa matofali ya udongo, wakauezeka kwa majani, na mbele yake wakaweka birika la kutawadhia. Ulijengwa katika miaka ya 1880, na wapo wasemao kuwa ndio msikiti wa kwanza katika Australia nzima. Walipanda pia mitende. Serikali ilipoona mitende hiyo inastawi ikapata tamaa, nayo ikaanzisha shamba lake huko Lake Harry, si mbali na kijiji. Mtu wa Lamu angewaambia mapema kuwa mtende una dume na jike, na kwamba mtu asipopanda juu akachavusha kwa mkono asitarajie tende nyingi. Shamba la serikali halikufua dafu.

Ng'ambo ya reli

Ungeshuka garimoshini Marree mwaka 1900, ungeona vijiji viwili. Upande mmoja wa reli palikuwa na hoteli, posta, duka na nyumba za Wazungu. Ng'ambo palikuwa na vibanda vya mabati vya "Waafghani", mazizi ya ngamia, msikiti, na kambi za wenyeji wa asili. Msomaji aliyesimuliwa na wazee jinsi Nairobi ilivyogawanywa na wakoloni, Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika kule kwingine, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mgawanyiko huo haukuishia nyumbani. Makaburi ya Marree yenyewe yamegawanywa sehemu tatu: ya Wazungu, ya Waafghani na ya wenyeji.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1901 makoloni ya Australia yaliungana yakawa nchi moja, na miongoni mwa mambo ya kwanza Bunge jipya lilifanya ni kupitisha sheria ya kuwazuia watu wasio Wazungu wasiingie. Haikuandikwa wazi kuwa ni kwa sababu ya rangi. Walitumia ujanja wa mwalimu wa shule: mtihani wa imla. Ofisa alimsomea mgeni maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na mgeni alitakiwa kuyaandika bila kukosea. Lugha aliichagua ofisa. Ukijua Kiingereza, angeweza kukupa Kijerumani. Ukijua Kijerumani, angetafuta nyingine. Mtihani huo haukutungwa ili mtu afaulu, na haukufutwa hadi mwaka 1958.

Mwaka 1903 ikafuata sheria nyingine iliyowanyima uraia wazaliwa wa Asia na Afrika. Mchunga-ngamia aliyekaa Australia miaka 30 na kulipa kodi zote bado alikuwa mgeni. Kama alitaka kwenda kumzika mama yake Peshawar, ilimbidi kwanza aombe cheti cha kumruhusu kurudi, chenye picha yake na alama ya kiganja chake. Wazee wetu waliotembea na kipande shingoni wanaelewa hayo vizuri kuliko mimi.

Miongoni mwa watu hao alikuwapo Bejah Dervish, mzaliwa wa Baluchistan aliyekuwa amepata kuwa askari katika jeshi la India. Mwaka 1896 aliongoza ngamia wa msafara wa upelelezi uliojulikana kama Calvert, katika jangwa kali la Australia Magharibi. Wazungu wawili wa msafara huo walikufa kwa kiu. Kiongozi wao, Lawrence Wells, alisema wazi jinsi Bejah alivyowafaa, akampa dira yake mwenyewe iwe zawadi, na kilima kimoja huko kikaitwa kwa jina la Bejah. Baadaye alihamia Marree, akafanya biashara ya misafara, kisha uzeeni akatunza mitende yake. Mwaka 1939 mwanawe, Jack Bejah, aliongoza ngamia wa msafara wa wanasayansi uliovuka jangwa la Simpson, mojawapo ya misafara mikubwa ya mwisho ya aina hiyo. Mzee Bejah alifariki mwaka 1957 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Lori la posta

Kilichoua kazi ya ngamia ni lori. Kufikia miaka ya 1920 magari yalikuwa yameanza kupenya jangwani, na wachunga-ngamia wakajikuta hawana mizigo. Mwaka 1925 Australia Kusini ilipitisha sheria iliyoruhusu ngamia wasio na kibali wapigwe risasi. Wenye ngamia wengi hawakuwa na moyo wa kuwaua wanyama waliowalisha miaka yote hiyo. Waliwafungua kamba usiku wakawaacha waende zao.

Ngamia hao walizaana, na leo Australia ina mamia ya maelfu ya ngamia mwitu. Wakati wa ukame huvamia vijiji wakitafuta maji, huvunja mabomba na ua. Mnamo Januari 2020, kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo hilo, ngamia zaidi ya 5,000 walipigwa risasi kutoka kwenye helikopta kwa muda wa siku chache. Sijui Mgabra au Msomali wa Wajir angesema nini akiiona nyama yote hiyo ikiozea mchangani.

Kwa Marree, hata hivyo, lori lilileta shujaa wa aina mpya. Tangu mwaka 1936 dereva mmoja aitwaye Tom Kruse (si yule wa sinema za Marekani, huyu alizaliwa mwaka 1914) alipeleka posta kutoka Marree hadi Birdsville kila baada ya wiki mbili. Ni kilomita 517 za mchanga, mawe na mito mikavu. Alibeba barua, mafuta, vyakula, dawa na abiria. Alipofika kwenye kilima cha mchanga alitandaza vipande vya mabati chini ya magurudumu, akasogea hatua chache, akashuka, akavitoa nyuma na kuvitandaza mbele tena. Mafuriko yalipofunga njia ilibidi mizigo ivushwe kwa mashua. Madereva wa malori waliopita Marsabit hadi Moyale kabla njia ile haijatiwa lami wangekaa naye meza moja wakabadilishana hadithi hadi asubuhi.

Mwaka 1954 ilitolewa filamu iliyohusu safari zake, The Back of Beyond, nayo ikashinda tuzo kuu huko Venice. Mzee Bejah anaonekana ndani ya filamu hiyo. Kruse alitunukiwa nishani ya Malkia mwaka 1955, akafariki mwaka 2011. Lori lake lililokuwa limetupwa jangwani lilitafutwa, likakarabatiwa, na sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho.

Msomaji asije akadhani kuwa lori lililifuga jangwa. Mnamo Desemba 1963 familia moja ya watu watano, wazaliwa wa Uingereza, iliondoka Marree kwa gari dogo ikielekea Birdsville. Walipotea njia, petroli ikawaishia. Badala ya kubaki kwenye gari, waliliacha wakaenda kutafuta maji kwa miguu. Baba, mama na wana watatu, wote waliangamia. Mpaka leo wasafiri wa barabara hiyo huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: gari likiharibika, usiliache. Gari huonekana kutoka angani; mtu haonekani.

Garimoshi lahama

Sasa turudi kwenye reli, maana ndiyo iliyokizaa kijiji hiki na ndiyo iliyokitupa.

Reli ilisogezwa kutoka Marree hadi Oodnadatta mwaka 1891, na mwaka 1929 ikafika Alice Springs, katikati kabisa ya bara. Vifaa vya kujengea reli vilibebwa na nani? Na ngamia. Wachunga-ngamia walimbeba mpinzani wao mgongoni mpaka akajifunza kutembea. Kisha garimoshi lenyewe likapewa jina la utani, The Ghan, na wengi husema ni kwa ajili yao.

Lilikuwa garimoshi la vituko. Reli ilipita penye mikondo ya mito mikavu, na mvua kubwa ikinyesha tuta lilisombwa na mataruma yakabaki yakining'inia. Abiria waliweza kukwama siku nyingi nyikani. Kisa kimoja kinachopendwa huko husema kuwa safari moja lilikwama wiki mbili, na dereva akalazimika kuwinda mbuzi mwitu ili abiria wapate kitoweo.

Mwaka 1957 ilijengwa reli pana mpya hadi Marree, ili kurahisisha uchukuzi wa makaa ya mawe kutoka Leigh Creek. Zaidi ya hapo reli ilibaki nyembamba ile ya zamani. Kwa hiyo abiria wote, ng'ombe wote na mizigo yote ilishushwa Marree na kupakiwa upya katika garimoshi jingine. Kwa mwenye haraka hiyo ilikuwa kero, lakini kwa Marree ilikuwa riziki. Wapakizi, makanika, maopareta, wapishi, wote walipata kazi, na kijiji kikawa na mamia ya watu.

Neema hiyo ilikatika mwaka 1980. Serikali ilijenga reli mpya mbali upande wa magharibi, mahali pasipofikiwa na mafuriko, na ile ya zamani ikafungwa. Miaka michache baadaye hata makipande ya reli iliyobaki kufika Marree hayakuwa na garimoshi. Familia zilifungasha virago zikafuata kazi Port Augusta na Adelaide. The Ghan lingali linasafiri, na tangu mwaka 2004 linakwenda hadi Darwin, likibeba watalii wenye fedha zao. Nembo yake ni mtu aliyepanda ngamia. Lakini Marree halifiki.

Kuna waliobaki, na kuna waliorudishiwa kilicho chao. Mwaka 2012 mahakama ya Australia iliwatambua Waarabana kuwa wenye haki ya asili juu ya ardhi yao, eneo kubwa linalolizunguka ziwa lile la chumvi, ambalo sasa huandikwa kwa majina yake mawili, Kati Thanda na Lake Eyre. Ilikuwa imepita miaka 153 tangu Stuart na Herrgott wapite hapo.

Hata baada ya hapo jangwa hilo limebaki na mafumbo yake. Mwaka 1998 rubani mmoja aliyekuwa akiruka magharibi mwa Marree aliona chini yake umbo la mtu mwindaji, limechorwa ardhini, mzingo wake kilomita 28. Mchoraji hajajulikana hadi leo. Ukisimama juu yake huoni kitu ila mchanga. Ni lazima upande ndege.

Ukibahatika siku moja kufika Marree, ambako bado kuna watu wenye asili ya wachunga-ngamia, utaziona injini mbili tatu za zamani zimesimama karibu na stesheni isiyo na reli. Utaiona hoteli ya mwaka 1883, na karibu nayo msikiti mdogo wa udongo, ambao si ule wa awali bali mfano wake uliojengwa upya kwa ajili ya kumbukumbu. Kila mwaka hufanywa mashindano ya mbio za ngamia, na watu huja kutoka mbali kuyatazama. Mitende michache ingali imesimama.